UZI: Sato, perege, ngege, mbiru... tuwatofautishe kisawasawa (ukoo, uzazi, na makosa yanayofanyika bwawani)

#1 Mwanagamba

Wakuu, salaam. Swali la "huyu ni sato au perege?" linarudi kila mara, na kila anayejibu anaangalia rangi. Rangi ndiyo kitu cha mwisho kutazama. Dume anayelinda kiota ni mweusi tii. Mtie kwenye ndoo, baada ya dakika chache amepauka kama jike. Naanza na ukoo, wajuzi waongezee.

Wote hawa ni wa familia ya Cichlidae, pamoja na furu wa Ziwa Victoria na wale samaki wa mapambo wa Nyasa na Tanganyika. Ukitaka kuhakikisha familia, usihangaike na umbo, tazama pua: tundu moja tu kila upande, wakati samaki wengi wana mawili. Kisha fuata mstari wa vitundu ubavuni. Umekatika vipande viwili: cha kwanza kinapita juu na kuishia karibu na mwisho wa pezi la mgongoni, cha pili kinaanza upya chini yake na kwenda hadi mkiani. Alama ya tatu iko kooni, ambako mifupa miwili ya taya la chini la koo imeungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu wenye meno. Taya la mdomo linakamata, hili la kooni linasaga.

Sasa majina. Andrew Smith aliunda jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Tilapia mwaka 1840 kwa ajili ya samaki wa kusini mwa Afrika, na kwa zaidi ya karne jina hilo likabebeshwa karibu kila perege wa bara hili. Ethelwynn Trewavas, wa makumbusho ya historia asilia ya London, alipochapisha kazi yake kubwa mwaka 1983, aliwapanga kwa namna wanavyolea. Wanaotaga chini na kulinda mayai wakabaki Tilapia. Wanaotamia mdomoni, dume peke yake au wazazi wote wawili, wakawa Sarotherodon. Wanaotamia mdomoni jike peke yake wakawa Oreochromis.

Mpangilio huo bado unasaidia sana shambani, ila kundi la kwanza halikuwa ukoo mmoja. Mwaka 2013 watafiti Dunz na Schliewen walitumia DNA na kulivunja vipande. Wale wetu waliozoeleka kama Tilapia zillii na Tilapia rendalli leo ni Coptodon zillii na Coptodon rendalli. Jenasi Tilapia yenyewe imebaki na spishi chache za kusini mwa Afrika. Kwa maana hiyo "tilapia" wa kwenye menyu ya hoteli si wa jenasi Tilapia, ni Oreochromis.

Nawasilisha.

#2 KizimbaNa7

Uzi mzuri mkuu. Lakini mtu yuko mwaloni, hana darubini wala maabara. Oreochromis na Coptodon anawatenganishaje papo hapo?

#3 Fundi_Hapa

Mkuu KizimbaNa7, kuna njia mbili, ya haraka na ya uhakika.

Ya haraka ni doa. Tazama sehemu laini ya pezi la mgongoni, pale mwanzo wake nyuma ya miiba. Coptodon mkubwa bado ana doa jeusi lililokoza hapo, mara nyingi limezungukwa na rangi hafifu. Oreochromis huwa nalo akiwa kifaranga, akikua linafutika. Maana yake njia hii haifai kwa samaki wa sentimita 5. Watu wengi wananunua vifaranga wakiona doa wanasema wameuziwa "zillii", kumbe ni sato halali kabisa.

Ya uhakika ni kuhesabu vijino vya upinde wa shavu. Unahitaji mkasi mdogo, sindano, kisahani cheupe na maji safi. Fungua shavu la kushoto, kata kifuniko chake chote ukitoe. Upinde wa kwanza ndio wa nje kabisa. Ukate juu na chini, uutoe mzima, usuuze kamasi na damu, uulaze kisahanini. Upande mmoja una matamvua mekundu, upande wa pili una vijino vyeupe. Anzia kwenye kona ambapo upinde umejikunja, hesabu vya sehemu ya chini tu, ukitenganisha kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Kile kilichokaa juu ya kona yenyewe usikihesabu.

Coptodon ana vichache na vinene, kati ya 8 na 12. Sato ana vingi na vyembamba, ishirini na kitu. Hakuna kukaribiana hapo, hata mwanagenzi hakosei. Kinachoharibu hesabu ni mambo mawili: kuhesabu upinde mzima juu na chini, halafu kulinganisha na namba za vitabu ambazo ni za chini tu, na kutosuuza, kwa sababu vijino vya mwisho kuelekea ulimi ni vidogo na kamasi inavificha.

Idadi hiyo haikuja bure. Vijino vingi ni chujio la mwani mdogo unaoelea. Coptodon anatafuna majani ya majini, hana haja ya chujio laini. Ndiyo maana bwawa lenye magugu mengi linamfaa yeye, na bwawa lenye maji ya kijani linamfaa sato.

#4 NgegeWaYala

Naongezea kwa upande wa Ziwa Victoria, maana huko ndiko mkanganyiko mkubwa ulipo. Wenyeji halisi wa ziwa ni wawili tu: ngege (Oreochromis esculentus), aliyepewa jina la kisayansi na Michael Graham mwaka 1928 baada ya uchunguzi wake wa uvuvi wa 1927 na 1928, na mbiru (O. variabilis; "O." ni kifupi cha Oreochromis). Wengine waliletwa kuanzia miaka ya 1950: sato (O. niloticus), O. leucostictus, na wale Coptodon wawili.

Jinsi ya kuwajua wakiwa wabichi:

Sato: tandaza pezi la mkia. Mistari ya wima iliyopangika vizuri, kuanzia shina hadi ukingo, kwenye kina chote cha pezi. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Leucostictus: mkia hauna mistari hiyo. Dume aliyekomaa ni mweusi wa kibuluu na ana madoa meupe kama yaliyonyunyizwa, ubavuni na kwenye mapezi. Hakui kama sato, na anapenda maji ya pembeni yenye mafunjo.

Mbiru: ukingo wa pezi la mgongoni una rangi ya machungwa au wekundu. Dume wakati wa kuzaa ana kichomozo cha uzazi kilichorefuka na kuchanikachanika kama shada la nyuzi, la rangi nyeupe hadi machungwa. Ukiona hilo, hakuna mjadala.

Ngege: kichwa kidogo, mdomo mdogo, mkia bila mistari iliyopangika. Huyu alikuwa mchuja diatomu (aina ya mwani mdogo unaoelea) wa maji ya wazi. Alibanwa na nyavu za makila zilizoshuka chini ya inchi 5 alizopendekeza Graham, akaja sangara, akaja sato anayegombania naye sehemu za kuzalia, na maji yenyewe yakabadilika, mwani wa buluu-kijani ukachukua nafasi ya diatomu. Leo humtafuti katikati ya ziwa. Amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, kule kinamasi cha Yala nchini Kenya, ambako mafunjo yamewazuia sangara.

#5 KizimbaNa7

Asante. Swali dogo: kwa nini sato anashiba mwani wa buluu-kijani ambao samaki wengine unawapita tumboni hivihivi?

#6 Mwanagamba

Tindikali. Utafiti wa Moriarty kwenye Ziwa George, Uganda, miaka ya 1970, ulionyesha tumbo la sato linashuka hadi pH (kipimo cha tindikali; ndogo ni kali) chini ya 2. Kuta za seli za mwani huo zinavunjika hapo, halafu utumbo mrefu unamalizia kazi. Tindikali haipo muda wote. Inaanza kumwagwa samaki anapoanza kula. Chakula cha kwanza cha asubuhi kinapita kikiwa bado kijani, kile cha baadaye kinakuwa cha kahawia. Ukipasua samaki wa saa moja asubuhi ukakuta utumbo una kijani kibichi, usiseme anaumwa.

#7 MtoWami

Mnaongea Victoria tu. Tanzania ina perege wa asili wengi kuliko wanavyojulikana, na karibu kila bonde la mto lina wake. Wachache tu kwa mfano: Rufiji na Ruvu kuna O. urolepis. Wami kuna ndugu yake wa karibu O. urolepis hornorum, ambaye pia yuko Zanzibar. Pangani na Ziwa Jipe kuna O. jipe. Ziwa Chala, lile la shimo la volkano mpakani mwa Kenya na Tanzania, kuna O. hunteri, na huyo ndiye mwanazoolojia Günther alimtumia mwaka 1889 kuunda jenasi yenyewe ya Oreochromis. Rukwa kuna O. rukwaensis. Malagarasi kuna O. karomo. Manyara, Eyasi na Kitangiri, maji ya chumvi, kuna O. amphimelas. Tanganyika kuna O. tanganicae. Nyasa kuna chambo, ambao si spishi moja: O. karongae, O. lidole na O. squamipinnis.

Hao wote mwaloni ni "perege", basi.

#8 Bwawa_Lita_Elfu

MtoWami, kwa mfugaji hilo lina faida gani? Sato anakua haraka, vifaranga vyake vinapatikana. Mtu ana bwawa la mita za mraba 300 Korogwe, amshughulikie O. jipe wa nini?

#9 MtoWami

Swali la haki. Bwawa linafurika. Masika moja tu, maji yakivuka tuta, vifaranga vimo mtoni, na ukishavitoa huvirudishi.

Oreochromis wanazaliana wao kwa wao kirahisi. Mfano wa Kenya uko wazi: Ziwa Naivasha waliweka O. spilurus niger mwaka 1925. Mwaka 1956 wakaletwa leucostictus na zillii. Niger na leucostictus wakachanganyika, machotara wakajaa, na kufikia miaka ya 1970 niger hayupo tena. Hakuvuliwa akaisha. Alimezwa kwa kuzaliana.

Sasa upande wako wa mfugaji: chotara wa kizazi cha kwanza anaweza kukuridhisha, lakini ukiendelea kuchukua mbegu bwawani humohumo, vizazi vinavyofuata vinatawanyika. Wengine wanakua, wengine wanadumaa, wengine wanazaa na gramu 40. Unalaumu chakula, kumbe mbegu imechafuka. Na yule wa asili wa bonde lako ndiye hazina ya baadaye: O. urolepis na O. amphimelas wanavumilia chumvi ambayo sato wa kawaida haivumilii. Akishamezwa, sifa hiyo imepotea.

Kwa hiyo: ziba tundu la kutolea maji kwa wavu wa matundu madogo kuliko kifaranga, inua tuta juu ya alama ya mafuriko, na kabla ya kusafirisha mbegu kutoka bonde moja kwenda jingine, onana na afisa uvuvi wa wilaya.

#10 Fundi_Hapa

Na hornorum wa Wami na Zanzibar ana historia ambayo wafugaji wa monoseksi (wanaofuga madume watupu ili bwawa lisijae vifaranga) wanapaswa kuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa uvuvi Hickling, akiwa Malacca (Malaysia ya leo), alipandisha dume wa mbegu ya Zanzibar kwa jike wa O. mossambicus. Vifaranga wakatoka madume watupu. Akachapisha mwaka 1960 na dunia nzima ikaanza kuchezea machotara.

Sababu iko kwenye kromosomu. Mossambicus na sato wanafuata mfumo kama wa binadamu: jike XX, dume XY. Hornorum na perege mwingine, O. aureus, ni kinyume: jike WZ, dume ZZ. Dume ZZ akikutana na jike XX, kila kifaranga ni XZ, na XZ anageuka dume. Ukigeuza, jike wa hornorum kwa dume wa mossambicus, hupati madume watupu. Watu wanasahau upande upi unakuwa baba.

Kwa vitendo njia hii inakwama kwa sababu inadai mbegu mbili safi zisizochanganyika kabisa. Jike mmoja chotara akiingia kwenye kundi la wazazi, asilimia ya madume inashuka na huoni mpaka miezi mitatu baadaye bwawa limejaa vifaranga. Joto nalo linaingilia: vifaranga wa sato wakilelewa kwenye maji ya nyuzi 36 hivi katika siku zao za mwanzo, baadhi ya majike wanageuka madume.

Ndiyo maana vituo vingi vinatumia homoni kugeuza vifaranga wawe madume: miligramu 60 za methyltestosterone (homoni ya kiume) kwa kila kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, kuanzia tu kifaranga anapomaliza kiini cha yai na kuanza kula. Inayeyushwa kwenye ethanoli, inanyunyizwa kwenye chakula cha unga, kinakaushwa kivulini. Inafeli ikiwa vifaranga wamechanganywa umri (waliozidi milimita 14 wameshaamua jinsia), au wakiwa kwenye maji ya kijani wanakula mwani na kuacha chakula chenye dawa. Glavu ni lazima, na maji ya hapo usiyamwage kisimani wala mtoni.

#11 Bwawa_Lita_Elfu

Bila homoni, kutenganisha kwa mkono kunawezekana kuanzia ukubwa gani?

#12 Fundi_Hapa

Gramu 25 hadi 30 kwa mkono uliozoea. Chini ya hapo utabahatisha.

Mgeuze samaki tumbo juu, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa chenye maji. Mbele ya pezi la mkundu kuna matundu. Dume ana mawili: la haja kubwa, na moja dogo kwenye ncha ya kichomozo, linalotoa mkojo na mbegu pamoja. Jike ana matatu: la haja kubwa, mpasuko wa kulalia katikati ya kichomozo ambao mayai hupitia, na kitundu cha mkojo nyuma yake. Mpasuko ndio unaofichika. Paka tone moja la GV (dawa ya zambarau ya vidonda) kwa pamba, futa taratibu: rangi inabaki imeshika kwenye mpasuko kama kimstari. Kimstari kipo, jike. Hakipo, dume.

Makosa yanatokea jioni mtu akichoka. Fanya asubuhi, na wale unaowatilia shaka waweke beseni la tatu, usiwalazimishe kundi.

#13 JichoLaMagadi

Kwa upande wa uzazi, mtu asidhani Oreochromis anazaa mayai mengi. Jike wa sato wa gramu 100 anatoa kama 100 kwa mara moja. Wa gramu 600 hadi kilo moja, 1,000 hadi 1,500. Coptodon anataga maelfu ya mayai madogo yanayonata, ameyabandika kwenye jiwe au shimo. Ila sato anatunza mdomoni wiki moja hadi mbili, halafu vifaranga wanatoka na kurudi wakitishwa, kwa hiyo wanaobaki hai ni wengi. Muda wote huo jike hali. Ukiona bwawani majike wamekonda na madume wamenenepa, jibu ndilo hilo. Joto likishuka chini ya nyuzi 22 wanasimama kuzaa. Nyanda za juu usitegemee vifaranga Julai.

Pia ukivuta wavu kwa fujo jike anatema mayai. Wanaokusanya mayai kwa ajili ya kutotolea wanatumia tabia hiyo, wanambana jike taratibu na kumfungua mdomo juu ya beseni lenye maji yaleyale ya bwawani.

#14 KizimbaNa7

Jina lako limenikumbusha: samaki wa Ziwa Magadi, Kenya, naye ni perege?

#15 JichoLaMagadi

Ndiyo. Alcolapia grahami wa Magadi, na ndugu zake watatu wa Natron: A. alcalica, A. latilabris na A. ndalalani, wawili hawa wa mwisho wakiwa wameelezwa mwaka 1999 na Seegers na Tichy. Wapo wanaowaweka kama jenasi yao, na wapo wanaowarudisha ndani ya Oreochromis, kwa sababu DNA inaonyesha wamechipuka humohumo ndani ya ukoo huo. Binafsi naona hoja ya pili ina nguvu: ukiwatoa, Oreochromis waliobaki si ukoo kamili.

Maajabu yake ni namna anavyotoa taka mwilini. Samaki wa kawaida anatoa amonia kupitia mashavuni. Magadi maji yana pH karibu 10, na kwenye pH hiyo amonia haitoki mwilini kirahisi. Samaki huyu anaibadilisha yote kuwa urea.

Sato wako hana uwezo huo, na hapa ndipo wafugaji wanapoumia. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH 7, amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 9, inafika kama asilimia 40. Bwawa la kijani kibichi linapanda pH saa tisa hadi kumi alasiri, kwa sababu mwani umekula kaboni dioksidi yote. Kwa hiyo pima pH alasiri. Kipimo cha asubuhi kinadanganya. Ikizidi 9, acha kulisha, ingiza maji mapya, na usitie chokaa siku hiyo.

#16 Kigoma_Ujiji

Na kuhe je? Huku Kigoma wapo wanaomwita perege mkubwa.

#17 Mwanagamba

Si perege. Kuhe ni Boulengerochromis microlepis, jenasi yenye spishi moja tu, haipo popote ila Ziwa Tanganyika, na ni miongoni mwa cichlidi wakubwa kuliko wote duniani. Anakula samaki wenzake, anataga chini, na magamba yake ni madogo mno. Ni familia moja na sato, lakini tawi lake limejitenga zamani.

#18 MtoWami

Kuna mtu amenitumia ujumbe wa pembeni kuhusu samaki wa mto Pangani, naujibu hapa ili ufae wote. Anasema: mkia una mistari, ila imekatika na haifiki ukingo, pezi la mkundu lina madoa meupe, vijino vya chini 21, hana doa la mgongoni.

Vijino vinamtoa kwenye Coptodon. Mistari nusunusu pamoja na madoa meupe vinanifanya nishuku chotara wa sato na leucostictus, maana wote wawili wameshasambazwa huko. Picha haitamaliza ubishi, DNA itamaliza. Fuata mpangilio huu, usiubadilishe:

Mpige picha akiwa mbichi, ubavu wa kushoto, mapezi yametandazwa kwa pini juu ya kipande cha povu, rula pembeni. Kata kipande cha pezi la upande wa kulia, kama kucha ya kidole kidogo, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Kitumbukize kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ethanoli iwe angalau mara kumi ya kipande. Pombe kali ya dukani haifai, ina asilimia 35 hadi 40 tu, kipande kitaoza. Baada ya hapo ndipo samaki mzima aende kwenye fomalini ya asilimia 10, ukimpasua tumbo kidogo upande wa kulia ili iingie. Ukianza na fomalini, DNA imeharibika. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, mahali, tarehe na namba, uitumbukize ndani ya chupa. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye ethanoli.

Na kama ni samaki wa mbegu, usimpandishe bwawani mpaka majibu yarudi.